Nilimtuma Mpwa Wangu Ofisini na Jogoo

Wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, mkazi wa Utemini, Singida mjini, na nawaambia tangu mwanzo: kwa bahati ya kujuana na watu, mkoa huu hamnipati. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kuna ofisi zimejaa wenye digrii na mimi naingia bila kubisha hodi. Meneja wa kile kiwanda kipya cha mafuta ya alizeti tunaitana kaka. Nimekula naye meza moja. Jina langu lifichwe tu, maana wenye wivu ni wengi.

Kazi yangu ni kuku. Tangu biashara iachiwe huru nanunua kule kijijini Mtinko siku ya mnada, napakia kwenye matenga, basi linapeleka Dodoma na Dar es Salaam. Huko kote nimefika, nimelala mpaka gesti za ghorofa. Nikiongea mambo ya dunia naongea nilichokiona.

Dada yangu anaishi Mwankoko, ni mjane, analima vitunguu. Binti yake, nitamwita Neema, yuko mwaka wa mwisho chuo cha biashara. Alikuja likizo akitafuta pa kufanyia mafunzo ya vitendo, wiki nane. Bila hayo hapati cheti. Na hali mnaijua wenyewe: serikali haiajiri, mashirika yanapunguza watu, vijana wenye vyeti wanashinda vibarazani. Kiwanda kile kilitangaza nafasi sita za wanafunzi, na watakaofanya vizuri wataajiriwa. Neema alikuwa ameshapeleka barua.

"Barua!" nilimcheka. "Barua haina sura, mwanangu. Anayeisoma atakujuaje?"

"Sasa nifanyeje, Mjomba?"

Nikamkalisha nikampa somo ambalo chuoni hawalifundishi. Mlinzi wa getini mpe shikamoo yake hata kama ni rika la kaka yako. Sekretari mjue jina kabla hujamjua bosi. Ukiulizwa kwenu wapi, usiishie kusema Singida, taja mpaka kijiji cha bibi yako, huwezi kujua nani kaoa huko. Hapo nilikuwa sahihi na bado nasema nilikuwa sahihi. Kisha nikaongeza: "Na sisi hatuendi kumwona mtu mikono mitupu." Nikachagua jogoo mwekundu, mzito, nikamfunga miguu, nikamlaza kwenye kikapu. "Mwambie meneja, mjomba wangu, rafiki yako, anakusalimia."

Neema akasita. "Mjomba, ofisini kweli? Si watasema rushwa?"

"Rushwa ni bahasha. Umeshasikia bahasha inawika?"

Mama yake, aliyekuwa amekuja naye, alicheka mpaka akashika kiuno. "Nenda mwanangu. Mjomba wako anajulikana."

Basi akaenda. Alinisimulia mwenyewe. Getini alipita vizuri, sekretari akampa kiti. Halafu yule jogoo akawika pale pale kwenye zulia, mara tatu, kama yuko kwao. Watu wakatoka vyumbani. Ukutani pana karatasi kubwa imeandikwa rushwa ni kosa, na mtoto wa dada yangu kasimama chini yake na kikapu. Meneja naye akatoka. Neema akampa salamu zangu kama nilivyomfundisha.

"Mjomba wako ni nani?"

Akamtajia jina langu lote.

"Simfahamu," akasema, akarudi ndani.

Afisa utumishi, mama mmoja mtu mzima, akamvuta pembeni. "Binti, jina lako lilishapita. Wewe ni wa pili kwenye orodha, kwa alama zako mwenyewe. Nani kakutuma na kuku?" Neema akajibu: "Mjomba." Yule mama akasema: "Jumatatu njoo na huyo mjomba. Kama kweli yeye na meneja ni marafiki, huyu kuku ni salamu za nyumbani, tutayamaliza. Kama hawajuani, hii ni rushwa, na jina nalifuta."

Ofisini hakulia. Alikuja kulia kwangu, kikapu bado mkononi. "Mjomba, mbona anasema hakufahamu?"

Nikamwambia wakubwa husahau, tena mbele ya wafanyakazi lazima ajifanye mkali. Akaniamini. Akanawa uso, akasema, "Basi Jumatatu akikuona tu atakumbuka."

Kwa jogoo siombi radhi! Hata mbele ya hakimu nitasema hivyo. Mgeni akija Singida anaondoka na kuku, awe karani, awe mkubwa kutoka Dar. Ndivyo tunavyosalimiana. Hao waliobandika karatasi ukutani, Jumapili wanakula nini? Mchicha? Mtoto wetu akienda na heshima ya kwao anaitwa mhalifu, na mwenye shemeji ndani anapita mlango wa nyuma bila hata yai. Hapo sikubali.

Lakini leo ni Ijumaa. Nisipoenda, jina linafutwa. Nikienda nikasimama pale kama gogo, linafutwa vile vile. Nikienda nikafungua mdomo nikasema yote, huenda yule mama akamhurumia mtoto, ila Neema atakuwa amesimama pembeni yangu anasikia, na jioni dada yangu atasikia. Msinishauri nikimbilie Dar na matenga yangu, hilo nimeshaliwaza. Niambieni nyie mnaosoma: Jumatatu nikifika pale, nianze na neno gani?

Maana meneja hanijui. Nyumbani kwake naishia mlango wa jikoni, mpishi ananipokea kuku, ananilipa, narudi. Meza niliyokula naye haipo. Nilidanganya.