Dative na Taa za Jirani

Dative alizaliwa Karagwe, akajifunza udereva kwenye lori la baba yake, na tangu familia irudi Rwanda hajaacha usukani. Sasa ni mjane wa miaka sitini na kitu. Alasiri hupakia kabichi Rugerero kwenye pikapu yake, na giza likiingia hushuka nazo hadi kwa wachuuzi wa Mbugangari.

Jioni moja, kwenye kona ya mteremko, alikutana na gari lenye taa nyeupe kali, zile za kisasa. Barabara yote ikapotea. Alikanyaga breki, gurudumu likatumbukia mtaroni, kabichi zikatapakaa kwenye lami.

Dereva alisimama. Alikuwa Bahizi, jirani yake, na gari lake jipya. Alimsaidia kuokota kabichi, lakini mdomo haukutulia.

"Pole, Mama. Lakini macho yako imezeeka. Usiku uachie vijana."

"Uliwasha taa kubwa?"

"Hapana, ni zile ndogo. Iko hivyo tangu nilinunua."

Nyumbani kwa Dative, binti yake Isimbi akasema maneno yaleyale: auze pikapu, apumzike.

"Nitaiuza nikichoka," Dative alijibu. "Siiuzi kwa kuwa mtu amenipofusha."

Alikwenda kupima macho. Daktari alimwambia kwamba kwa miwani yake anaona vizuri. Mwanga wa namna ile humsumbua hata kijana.

Jioni hiyo alimwita Bahizi kwenye njia ya nyuma ya nyumba zao. Akamketisha ndani ya pikapu, akachukua funguo za Bahizi, akawasha taa za gari lile jipya lililoelekezwa kwenye pikapu.

"Unaona nini?"

"Mwanga tu. Zima, Mama."

"Tazama kando ya njia."

"Mi sioni kitu."

Akazima. Ubavuni mwa gari lile, hatua moja tu kutoka kwenye taa, alikuwa amesimama Isimbi.

"Ulikuwa hapo?" Bahizi aliuliza.

"Nilikuwa nakupungia mkono," alisema Isimbi.

Kesho yake Bahizi alipeleka gari kwa fundi, na fundi akaziinamisha taa, maana zilikuwa zimeelekea juu mno. Isimbi hakutaja tena habari ya kuuza.

Magari mengine bado yanamwakia Dative usoni. Yeye hupunguza mwendo, akakaza macho kwenye ukingo wa kulia, upande wanaoendeshea Rwanda. Wiki iliyopita dereva mmoja alimjia kwa nyuma na taa kubwa, akipiga honi apishwe. Dative alisimama, akashuka, akamfuata dirishani.

"Shusha taa, kijana, nikupishe."

Alisubiri palepale mpaka yule akazishusha.