Dume la Robi na Digrii ya Marwa

Mwaka ule tulikula ugali wa mhogo mweusi na majani ya maboga bila chumvi, asubuhi hadi jioni. Wa rika langu mnaujua, matumbo yenu hayajasahau. Hapa Susuni ukame ulimaliza ng'ombe, basi sisi watoto tukajifinyangia wa kwetu kwa udongo wa kichuguu. Mikono ikiwa na tope, hata njaa ilituacha kidogo.

Robi, mdogo wangu, ndiye aliyekuwa fundi. Akimaliza dume, ungedhani nundu inatikisika. Pembe ikikataa, halii. Analibonda, anawaza, anaanza upya. Darasani vilevile: hesabu ikimshinda, anaigeuza huku na huku mpaka inasalimu amri. Kaka yetu Chacha yeye alikariri kama kasuku, lakini kichwa chake hakikuzaa kitu.

Jioni mama alituchomea ng'ombe wetu kwenye majivu ya moto. Siku moja Chacha akaleta dume la Robi, anasema lake. Mama akalitazama, akamtazama kucha: safi. Hakupiga kelele.

"Sichomi ng'ombe ambaye mkono wako haukumfinyanga."

Chacha alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Mimi niliishia darasa la pili. Mjukuu wangu Marwa kafika chuo kikuu, na nimejivuna kwa ajili yake kuanzia hapa mpaka Sirari. Juzi kaja: "Shikamoo bibi, nimemaliza!" Nilikuwa nimeandaa kibuyu cha pombe ya wimbi, ulezi wetu, ya kumpulizia kifuani kwa mdomo, baraka yetu wazee. Nikamuuliza, mura, kijana wangu, ile kazi kubwa ya mwisho uliandika habari gani?

Akacheka. "Ah bibi, nani anaandika siku hizi? Kuna jamaa pale chuoni anatuandikia. Mimi hata sijaisoma yote."

"Na walimu?"

"Wamenipa alama za juu!"

Watoto wa leo huiuliza simu kama mvua itanyesha, na wingu liko juu ya vichwa vyao. Hilo huwa nalicheka. Hili halikunichekesha.

"Nibariki basi bibi, watu wanasubiri." Alikuwa ameshapiga magoti, kifua wazi. Mama yake kasimama mlangoni, machozi yanamtoka. Nami ni mzee. Baraka nyingine sijui kama nitaiwahi.

Enzi zetu tulilala njaa, ila kilichokuwa mkononi kilikuwa chetu. Hawa wameshiba, na mikono mitupu.

Hadithi ya dume la Robi, Marwa anaijua tangu ananyonya. Nikakiweka kibuyu chini.

"Sichomi ng'ombe ambaye mkono wako haukumfinyanga."