Visubi wa Ziwani na Wale wa Kwenye Runinga

Jana wajukuu waliniketisha mbele ya runinga wanionyeshe tamthilia mpya, eti ya sayansi ya miaka ijayo. Aka! Nilichefuka kabla chai haijapoa. Wingu jeusi la wadudu linashuka kutoka sayari nyingine, linatanda juu ya ziwa, na wanaume wazima wenye ndevu zao wanakimbia wakilia. Wanajeshi nao wanalipiga risasi. Risasi kwa wadudu, jamani! Katika umati wote ule hakuna hata mmoja aliyewaza kuleta sufuria.

Bibi yangu angeileta. Kama ulikulia Igogo, kando ya ziwa, miaka ile kabla ya Uhuru, utakumbuka visubi, wale wadudu wadogo kama mbu, walivyopanda kutoka ziwani kama moshi wa shamba linalochomwa. Bibi alipaka sufuria mafuta, akaizungusha hewani mpaka wakajaa. Tukawafinyanga na chumvi kuwa mkate, tukawafunga kwa majani ya mgomba, tukachoma juu ya makaa. Mkate ule ulikuwa mweusi, mzito, ukinukia dagaa waliokauka vizuri. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alisema kila alipoukata.

Wiki ile ya sherehe za Uhuru, mwalimu wetu alituma salamu kwamba angepita nyumbani kuniombea kwa bibi niendelee na shule, maana bibi ndiye aliyenilea, naye alitaka nibaki nyumbani nimsaidie. Nami nilikuwa naitaka shule kufa na kupona. Nikaona haya. Mtu wa suruali iliyopigwa pasi akute tunakula wadudu? Bibi alipokwenda kuteka maji, nikauchukua mkate aliomchomea mgeni, nikawatupia kuku.

Mwalimu akaja, akanawa mikono, akanusa upande wa jikoni na kutabasamu. Akasema kwao Ukerewe mama yake alikuwa akiwachoma visubi vilevile, na tangu azikwe hajauonja tena mkate ule. Bibi akaenda kufunua majani, akakuta matupu. Akanitazama mimi, akawatazama kuku wakigombania makombo.

"Utuwie radhi, mwalimu," akasema. "Mchukue tu huyu. Chakula cha hapa kimeshamshinda."

Hivyo ndivyo nilivyopata shule. Visubi waliendelea kuja kila msimu, na bibi akawa anafunga madirisha tu. Nilipokuja kumwomba anichomee tena, alinijibu kwa upole kwamba nitachafua kinywa cha kusomea. Akafa hajauchoma, na mimi sikuwahi kujifunza kipimo cha ile chumvi.

Sasa jana wingu lilipojaa kiooni, mjukuu wangu mdogo akakunja pua, akageuka upande.

"Bibi, kinyaa!"

Nilitaka kumkaripia, nikajizuia. Pua ile niliijua. Ndiyo niliyoikunja mimi siku ile, nimesimama kati ya kuku, mkate wa bibi ukiwa bado wa moto mikononi.