Mawe ya Bure

Baba alikuwa anajenga ukuta wa mawe kuzunguka uwanja wetu kule Kapata, mtaa wa wachimba shaba mjini Kolwezi, bila saruji, kama alivyofundishwa na babu. Mawe alipewa bure na jirani aliyesema anachimba shimo la choo. Kila asubuhi tulikuta rundo jipya mlangoni. Nilichungulia kwake, lakini shimo lilikuwa limefunikwa kwa turubai.

“Tata, choo gani kinatoa mawe mwezi muzima?” nilimuuliza.

“Ile université inakufundisha tu kushuku batu,” alijibu huku akigeuza jiwe ili likae vizuri. “Mutu anatupa zawadi, weye unatafuta mwizi.”

Niliosha jiwe moja, nikaona ndani yake mistari ya kijani, rangi ya shaba. Kabla sijamwonyesha, mama alituita jikoni. Vikombe vilikuwa vinatetemeka mezani, na chini ya sakafu tulisikia nyundo ikigonga.

Baba alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni, kisha akanipokonya lile jiwe.

“Kumbe haya mawe ni ya kwetu,” alisema, akatoka nalo kwenda kwa jirani.