Mama Zaburi ajifunza kusali macho wazi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mhudumu wa makao ya wazee amepiga magoti sakafuni, beseni la maji ya vuguvugu mbele yake, kitambaa begani. Anasugua visigino vya bibi wa kitanda cha tatu. Bibi anamkazia macho kama mtu anayemwangalia mwizi aliyerudisha kuku.

"Hapo hapo. Usipande."

"Sipandi, Bibi."

"Nakujua. Ukipewa kisigino utataka goti."

Vitanda vya jirani vinacheka. Mhudumu naye anacheka.

Wazee hapa ni kumi na wanane, wahudumu wa asubuhi wawili. Kila mzee aoshwe na abadilishiwe shuka kabla ya chai. Mhudumu huyu yuko mwaka wa tisa katika kazi hii. Wanamwita Mama Zaburi, kwa sababu kila siku aliianza kwa kusali nusu saa katikati ya chumba, sauti ikisikika hadi barabarani. Hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Hapo sisi wenye watoto tutege masikio.

Asubuhi moja mwaka jana, bibi huyu wa kitanda cha tatu aliomba kupelekwa chooni. Mama Zaburi alikuwa amefumba macho. Akainua kidole: ngoja. Bibi akangoja, akaita tena. Kidole kikainuka tena. Mara ya tatu bibi hakuita. Alishuka mwenyewe, akateleza, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki saba, na neno moja tu: "Yule asiniguse."

"Nilikasirika," anakiri Mama Zaburi. "Nikajiona naonewa kwa ajili ya imani. Nikamwambia binti yangu, bibi yule hana subira hata kwa Mungu."

Binti, wa miaka kumi na minne, alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Mama, hata mimi niliacha kukuita ukiwa unasali. Siku ile nilipoungua nilikwenda kwa jirani."

Mama Zaburi anasimulia huku akikamua kitambaa kisicho na maji tena. "Kovu liko kwenye kiwiko. Mimi, mama yake mzazi, nililiona kwa mara ya kwanza siku hiyo."

Mtoto akiacha kukutegemea hapigi kelele. Hunyamaza tu, nawe ukadhani ameshika adabu.

Kusali hakuacha. Sasa sala ya sauti huja mzee wa mwisho akishaoshwa na kufutwa maji. Kabla ya hapo anamwomba Mungu kimoyomoyo, macho wazi, mikono majini. Anaomba uvumilivu na upole, na haviji kwa siku moja.

"Ulimi bado unaniwasha. Juzi nilimfokea babu mmoja kwa kumwaga chai. Nikarudi kumwomba radhi. Akasema, 'Fokea tu, mjukuu wangu, mimi sisikii vizuri.'"

Kwa bibi alianzia mbali. Miezi minne alileta beseni, akaliweka chini, akaondoka ili mwenzake aoshe. Siku moja mwenzake aliugua. Bibi alinuna mpaka maji yakakaribia kupoa, kisha akachomoza mguu mmoja nje ya blanketi.

"Ni mguu tu," bibi anaeleza. "Sijamsamehe. Namwangalia."

Nyumbani nako kumeanza kufunguka. Wiki iliyopita binti alimwita katikati ya sala kwa sababu ya kifuniko cha chupa kilichokwama. "Niliinuka hata amina sijaisema," anasema. "Kifuniko tu. Nikakifungua, nikaenda kulia chooni."

Mwakani amepanga kuwafundisha wahudumu wapya kuosha wazee wasioweza kusimama. Lakini kabla ya hilo anatamani jambo moja: bibi amgeuzie mgongo.

"Mtu akikupa mgongo aoshwe, ameacha kukuchunga kwa macho. Siku hiyo sitasema kitu," anasema, akibeba beseni kwenda kitanda cha nne. "Nitaosha tu."