Tawi Njiani, Kibao Ukingoni

Juzi nilikuwa kwenye foleni bomani Tabora. Mbele yangu alisimama mzee mmoja anayewaongoza wageni kwenda kutazama chemchemi za maji moto, mkono wake umebabuka mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, mzee," karani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Yale maji yamelipuka bila hodi, yakarusha matope na mawe. Nikafunga njia kwa matawi, kama baba zetu Wanyamwezi wa misafara: tawi likilala njiani, hapapitwi. Mtu wenu akayafagia! Na Jumamosi wageni wanakuja na watoto wao."

Karani akafungua faili. "Amri inataka njia iwe safi, mzee. Na kibao cha hatari si kipo?"

"Kipo, ukingoni mwa maji. Anayekisoma amekwisha kufika."

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. Alisema Bwana Shauri, mkuu wa boma, ataliangalia akirudi, mwezi ujao.

Mzee akashukuru, akatoka. Uani alivunja tawi bichi, akarudi kulilaza kizingitini, akaenda zake.

Saa sita karani alichukua kofia akale. Alipoliona tawi akasita, mguu mmoja hewani. Kisha yeye, Mnyamwezi kwa baba na kwa mama, akageuka, akatokea mlango wa nyuma. Sisi sote tukamfuata.

Alasiri ileile tarishi aliondoka na barua ya karani: matawi yaachwe mahali pake. Kibao nacho kinabaki, kwa faida ya wanaopenda kusoma.