Mtumba Aliokufungia Mwenzio

Siku ya kwanza kazini nilifika na mzigo mkubwa kuliko mimi, nikachekwa mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa mwanamume mzima tayari, nina mke na shamba la mtama hapa Kikole. Lakini uwindaji wa kwenda kulala porini siku nyingi sikuwa naujua. Basi nikabeba nilivyoviona vya lazima: chungu, mkeka, shoka, blanketi, visu viwili na jogoo wa kuchinja njiani.

Fundi Mkuu, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa wawindaji, alikuwa amekaa kwenye kigogo akilipaka gobori lake mafuta ya ufuta. Gobori, kwa nyie mliozaliwa juzi, ni ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unahama?"

"Hapana Fundi, nimekuja kuwinda."

"Na huyo jogoo naye anawinda?"

Mzigo wangu ukafunguliwa mbele ya kundi zima. Chungu kikarudi kwa mke wangu. Badala yake nikapewa unga wa mtama uliokaangwa na kutwangwa pamoja na ufuta na chumvi. Huo unaukoroga kwa maji baridi, unakula, unashiba, na moto huna haja nao. Mkeka ukarudi, maana majani ya kulalia yamejaa porini. Shoka likavuliwa mpini nikaachiwa chuma peke yake, kwani mpini utaukata huko huko. Blanketi nalo likarudi. Nikapewa kaniki moja, nikaambiwa hiyo ndiyo shuka, ndiyo mfuko wa nyama, ndiyo chujio la maji ya matope. Vikabaki kisu kimoja, ulindi, yaani kile kijiti cha kupekechea moto, na kibuyu cha maji. Kibuyu Fundi hakukubali apunguziwe mtu yeyote. Jogoo tulimla siku ile ile, na Fundi ndiye aliyekula paja.

Halafu nikafundishwa kufungiana. Katika kundi la Fundi hakuna aliyejifungia mtumba wake, yaani mzigo wake wa safari. Mimi nakufungia wewe, wewe unanifungia mimi. Nilimuuliza sababu, akanitazama kama nimeuliza kwa nini tunavaa nguo.

"Wewe ulijifungia mwenyewe, ukaja na jogoo," alisema. "Mtu akijifungia, anafunga na woga wake wote. Mwenzio hana woga wako. Ila mgongo anao, na anajua kesho wewe ndiye utakayemfungia."

Nikapangwa na yeye mwenyewe. Miaka yote ile nilimfungia, naye akanifungia, na kila nilipofungua mtumba kambini nilikuta ndani ya fundo la kaniki kipande cha sukari guru. Hebu fikirieni! Mtu aliyenivulia shoka mpini kwa ajili ya uzito, ananitilia sukari guru. Sikumuuliza, naye hakusema. Nilikuwa nakwenda pembeni naimung'unya peke yangu, roho yangu nyeupe.

Baadaye jina la kundi letu likafika Lindi, nikachukuliwa kusimamia wapagazi wa Bwana Shauri, yule mkubwa wa Kidachi, yaani Mjerumani, aliyeamua kesi bomani. Weee! Huyo akienda kuwinda alikwenda na kitanda, meza, viti, makasha ya chupa na beseni la bati la kuogea. Mpagazi wa beseni alilivaa kichwani, mvua ikinyesha ndiye pekee aliyekuwa mkavu, wenzake wakimwonea wivu. Jioni Bwana Shauri alioga humo huku akiimba, na sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akicheka pamoja nasi. Siwezi kusema alinitesa. Alinilipa, na nikiugua aliniuliza hali. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Kwa sababu vita vya Maji Maji vilipokuja, askari waliotoka katika boma lile lile walichoma maghala ya huku kwetu, mtama ukateketea tukiuona kwa macho. Niliacha kazi nikarudi Kikole. Magobori yote yalikusanywa. Watu walikuwa wanachimba mizizi. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Rajabu, na maziwa hayatoki. Mtoto alilia kwa sauti ndogo, ndogo mno, wallahi hadi leo nikiikumbuka nasimama.

Tukabaki na nyavu na mikuki. Kulikuwa na bwawa moja mbali kule magharibi lisilokauka, ambako wanyama hukusanyika kiangazi, na njia yake aliijua Fundi peke yake. Lakini mwaka ule mmoja ulimzeesha Fundi wetu. Mbavu zilihesabika, na mkono wake ulitetemeka akishika hata kata ya maji.

Basi nilipomfungia mtumba wake, nikatoa chuma cha shoka. Nikatoa wavu. Nikapunguza unga. Mwisho nikatoa hata kibuyu. Vyote nikavigawa kwa wenzangu, nao wakapokea, kwa kuwa sote tulimpenda mzee yule.

Asubuhi akaunyanyua kwa mkono mmoja. Akautua. Akatutazama.

"Selemani, mtumba wangu uko wapi?"

"Ndio huo, Fundi."

"Huu ni wa mtoto anayekwenda kisimani. Nauliza wangu."

Nikajitia kueleza: njia ni ndefu, njaa hii, na yeye ndiye tunayemtegemea kutufikisha.

"Mimi nimesema nimechoka?"

"Hapana, Fundi."

"Siku nikichoka nitasema mwenyewe, mdomo ninao. Ukinisemea wewe, umeshanizika."

Akakaa chini, akakunja miguu. Haendi popote bila mtumba wake. Jua linapanda, na mimi nasimama pale nikijua kwamba akibeba akaanguka, tumempoteza yeye na bwawa, na asipokwenda, mwanangu hafiki mwezi mwandamo. Nilimkasirikia, nakwambieni ukweli. Nilitamani kumbeba begani kama mbuzi. Lakini nilipomwangalia usoni, nikaona macho yamejaa maji. Nikapiga magoti, nikaufunga upya: shoka, wavu, unga wake wote, kibuyu kimejaa pomoni. Akaubeba. Miguu ikamtetemeka, sote tukaona, hakuna aliyesema neno. Akashika njia mbele.

Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake. Kila alipojikwaa moyo ulinipasuka. Alipumzika mara nyingi, ila hakukubali mtu amguse mtumba. Na bwawani alitufikisha, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulitega nyavu tukapata kuro wawili, wale swala wakubwa wakaao karibu na maji, wenye manyoya marefu. Tukajenga uchanja, tukaibanika nyama mpaka ikakauka ikawa nyepesi ya kubebeka.

Siku ya kurudi, wakati kila mtu anamfungia mwenzake, Fundi alinijia na mtumba wake. Akaufungua mbele ya kundi zima. Akanikabidhi kibuyu mkononi, kisha chuma cha shoka, kisha wavu.

"Selemani mwanangu," alisema, "sasa nifungie mwepesi."

Kamba sikuiona kwa machozi. Nilimfungia kaniki na kipande kimoja cha nyama, akakiweka begani, akaingia nacho Kikole kama wawindaji wengine wote, wanawake wakimpigia vigelegele. Mke wangu alikunywa mchuzi, maziwa yakatoka. Fundi hakuwinda tena, na kundi akaniachia mimi.

Mnaniuliza nyie vijana, uzani wa mtumba mzuri ni upi. Nimeshawatajia vitu vyenyewe. Kaniki, unga, kisu, chuma cha shoka, ulindi, kibuyu. Mengine mtajifunza migongo ikiwauma.

Rajabu ndiye aliyekuwa akinifungia miaka hii yote, naye sasa ana mvi zake. Kiangazi kilichopita aliuleta mtumba wangu. Nikaunyanyua: mzito, kamili, hakuna kilichopungua hata punje. Magoti yakaniyumba. Yeye akageuka akajifanya anatazama mbwa. Nilifurahi ajabu. Nikaubeba mpaka mwisho wa mashamba ya ufuta, pale njia inapoingia msituni, nikautua, nikamkabidhi kibuyu.

"Rajabu, sasa nifungie mwepesi."

"Umechoka, baba?"

"Mimi nimesema au nimesemewa?"

"Umesema mwenyewe," akanijibu, akapiga magoti kufungua fundo.

Alinifungia kaniki tupu. Lakini kabla kundi halijaondoka nilimwambia alete na mtumba wake, maana bado ilikuwa zamu yangu kumfungia. Nikaufunga taratibu, kila kitu mahali pake, na ndani ya fundo nikamtilia kipande cha sukari guru. Alirudi baada ya siku nyingi na nyama. Hajaniuliza kitu.